Waliolala Kisangabwe

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, kwa kuwa ramani yake ingali mezani ikisubiri muhuri. Msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimgeukie jirani yake na kumkonyeza. Ni nchi ya mbali, na mambo yake hayafanani hata kidogo na ya kwetu.

Katika nchi hiyo, Mtukufu Rais aliletewa siku moja taarifa ya hali ya taifa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akakuta kwamba wananchi wake walikuwa milioni kumi na moja, laki tatu, elfu themanini na saba, mia sita na kumi na wanne. Inasemekana aliiweka taarifa chini, akavua miwani, akauliza kwa huzuni, "Hawa kumi na wanne wa mwisho wananitaka nini?"

Basi ikaundwa Wizara ya Makadirio, na akaitwa profesa mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo na shahada ya hisabati. Profesa alieleza kanuni ambayo kila mtoto wa darasa la nne anaijua: tarakimu ikiwa nne au chini ya nne, hutupwa na mahali pake huwekwa sifuri, ikiwa tano au zaidi, humpandisha jirani yake wa kushoto kwa moja, kisha nayo huwa sifuri. Waziri alisisimkwa. Aliuliza kama kanuni hiyo yaweza kugawanywa ili kila ofisi ipate sehemu yake, akajibiwa kwamba yaweza. Kwa hiyo Kata zikapewa kukadiria kwa makumi, Wilaya kwa mamia, na Mikoa kwa maelfu. Tangu hapo vyeo vikapimwa kwa sifuri. Afisa wa Kata alikuwa na moja, Mkuu wa Wilaya mbili, Mkuu wa Mkoa tatu, na Waziri mwenyewe alikuwa nazo sita, zimetariziwa kwenye tai yake kuanzia kooni hadi tumboni.

Faida zilionekana upesi. Kipindupindu, kilichokuwa na wagonjwa arobaini na wanne katika wilaya moja ya ziwani, kilitokomezwa Jumatano alasiri bila kidonge hata kimoja: Kata iliandika arobaini, Wilaya ikaandika sifuri, na wauguzi wakaambiwa wafunge hema. Madaktari wa nchi nzima, waliokuwa mia nne hamsini na wawili, walipanda ngazi ofisi kwa ofisi hadi wakawa elfu moja. Wale mia tano arobaini na wanane waliozaliwa na hesabu walipangiwa vituo vya vijijini, na walisifiwa sana kwa nidhamu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuomba uhamisho.

"Sifuri," Waziri aliliambia Bunge, "haina kabila, haina njaa, wala haiandamani. Waheshimiwa, siku takwimu zetu zote zitakapokuwa sifuri, mje mniambie ni tatizo gani litakalokuwa limebaki!"

Wabunge waligonga meza mpaka glasi mbili zikaanguka. Taarifa rasmi ya Bunge haikutaja glasi yoyote.

*

Kijiji cha Kisangabwe kilikuwa kimefaidika na kanuni hiyo bila kujua. Katika sensa iliyotangulia kilikuwa na watu mia nne arobaini na saba, na kwa jitihada za ofisi tatu kikawa na elfu moja. Watu elfu moja wanastahili zahanati. Wakajengewa: chumba kimoja, kabati la dawa, kitanda kimoja cha kujifungulia, na muuguzi mmoja, Bi. Sikitu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, aliyefanya kazi ya watu wanne na kulalamika kama watu wanane.

Kabla ya hapo, mwanamke wa Kisangabwe aliposhikwa na uchungu alibebwa kwa machela kilomita thelathini na moja hadi mjini. Tunsume, mke wa fundi baiskeli, alibebwa hivyo kwa mimba yake ya kwanza. Hakufika. Alirudi kwa miguu yake mwenyewe, na mtoto akabaki njiani, kwenye kilomita ya kumi na tisa, chini ya mawe yaliyopangwa vizuri. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na kila jioni alipita zahanatini. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anakwenda kukitazama kile kitanda.

Ndipo ulipokuja waraka. Ulitangaza sensa mpya, siku ya Jumapili, na katika aya ya tisa ulisema: "Kijiji kitakachobainika kuwa na watu sifuri kitaondolewa zahanati, kwa kuwa haitajulikana inamtibu nani." Nimeisoma aya hiyo mara nyingi, nami nakiri kwamba sarufi yake haina dosari.

Aliyeshtuka ni Mwalimu Leokadia Ndimbo, aliyefundisha hesabu na Kiswahili hapo kijijini kwa miaka thelathini na minane. Alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari, kisha akawaita watu wazima katika darasa la tatu, akaandika ubaoni: 444.

"Ndio sisi," akasema. "Kata itaandika mia nne arobaini. Wilaya itaandika mia nne. Mkoa utaandika ngapi?"

"Mia nne!" wakaitikia.

"Nani amesema mia nne? Simama. Mkoa unakadiria kwa nini?"

Aliyesimama alikuwa mtendaji wa kijiji, Bwana Gaitani, mtu mwenye wajukuu saba. "Kwa maelfu, Mwalimu," akasema, mikono ameificha nyuma.

"Na mia nne iko karibu na elfu, au na sifuri?"

"Sifuri, Mwalimu."

"Keti. Sasa tazameni." Akaifuta ile nne ya mwisho, akaandika tano. "Mia nne arobaini na watano. Tano inapanda: Kata, mia nne hamsini. Tano inapanda tena: Wilaya, mia tano. Tano inapanda tena."

"Elfu!" wakasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Mzee Ambilikile, ambaye kwa miaka yake tisini na miwili ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, aliinua fimbo kuomba ruhusa. "Yaani, Mwalimu, sisi sote tuliojaa humu, pamoja na mvi zangu hizi, si kitu. Akiongezeka mmoja tunakuwa elfu. Sasa huyo mmoja ni mtu wa namna gani? Tujue mapema tumwamkie vizuri."

Macho yote yalihamia kwenye tumbo la Tunsume.

"Jamani, msinitazame hivyo," akasema, akivuta khanga.

"Hatukutazami wewe, mwanangu," akajibu bibi mmoja wa nyuma. "Wewe tumekuzoea."

"Bi. Sikitu, atazaliwa lini?" akauliza Bwana Gaitani.

"Wiki hiyo hiyo ya sensa. Siku msiniulize, mimi ni muuguzi, si Wizara."

"Na tukiazima mtu?" akaendelea mtendaji. "Kule Ulambo kuna nyumba ina mabibi wawili. Mmoja wanamfanyia nini?"

Lakini wazo hilo lilikuwa limewajia watu wote nchini kwa siku moja. Ulikwisha kutoka waraka wa pili uliokataza mtu yeyote kulala nje ya kijiji chake kwa muda wa siku saba, na watu wa Ulambo, kijiji cha jirani, walikuwa wameweka walinzi mpakani kuwalinda mabibi wao.

Kwa hiyo mambo yalibaki mawili: mmoja azaliwe, na asife yeyote. Kwa hilo la pili, Mwalimu Leokadia alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mzee Ambilikile.

"Shikamoo, Mzee. Nasikia unakohoa."

"Marahaba. Nakohoa tangu bendera ya zamani, Mwalimu."

"Kohoa, lakini usizidishe."

"Mimi nilikuwa nimepanga kufa mwezi huu," Mzee akaeleza kwa upole. "Mahindi yako ghalani, watu wana nafasi ya kuzika. Nisingependa kuwasumbua wakati wa kupalilia."

"Utakufa Jumatatu. Sensa ni Jumapili."

"Haya. Uniandikie, nisije nikasahau."

Mwalimu alimwandikia, kwa hati safi, akakibandika kikaratasi ukutani.

*

Tunsume alishikwa na uchungu Jumamosi, jua lilipokuwa linazama. Usiku ule sitausimulia kwa urefu. Ulikuwa kama usiku mwingine wowote wa aina hiyo kwa mwanamke, isipokuwa kwamba watu mia nne arobaini na wawili walikuwa uani wakimsubiri. Walikuja na mikeka, masufuria ya uji na ngoma mbili. Mzee Ambilikile aliletwa juu ya kitanda chake, akawa anajifinya masikio ili asisinzie. "Watu wa umri wangu hufia usingizini," alieleza, "nami nina miadi Jumatatu."

Saa tano na nusu alizaliwa mtoto wa kike, akalia kwa nguvu. Bi. Sikitu alitoka mlangoni, akasema kwa ile sauti yake ndogo neno moja tu: "Elfu."

Walicheza hadi kulipopambazuka. Kusema kweli walikuwako watoto waliokoroma mikekani, na mtendaji naye alisikika akikoroma mara mbili akiwa ameegemea ngoma, lakini hayo hayakutajwa. Hakuna aliyetaka aambiwe kwamba Kisangabwe ilipokuwa inakuwa elfu, yeye alikuwa amelala.

Asubuhi akafika karani wa sensa, Bwana Evaristi Kahumba, kijana mwenye viatu vilivyong'aa, aliyekuwa amesoma hapo hapo Kisangabwe kabla ya kuhamia mjini. Alikuwa ametoka katika mafunzo ya siku tisa. Siku ya kwanza walifundishwa kushika kalamu, na siku nane zilizobaki walifundishwa neno moja. Swali la kwanza la dodoso lilikuwa hili: "Ni watu wangapi waliolala katika kaya hii usiku wa kuamkia leo?" Wizara iligundua kwamba wananchi hutumia neno "kulala" kiholela, ikaunda Kamati ya Istilahi, na Kamati ikalifafanua hivi: "Kulala ni kufumba macho na kupotewa na fahamu kwa muda usiopungua nusu saa, bila kufa." Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwalilia watu wayaheshimu maneno. Imepatikana serikali iliyofanya hivyo, na sitaki kuonekana mtu asiyeridhika.

Karani alifungua dodoso juu ya meza ya zahanati. Watu walijipanga, macho mekundu, nyuso zimejaa furaha.

"Bwana Mtendaji, wangapi walilala kwako?"

"Kulala!" Bwana Gaitani akacheka na kuwageukia wenzake. "Ndugu yangu, hapa nani alilala? Mimi, mama watoto, na wajukuu wote saba, hatukupata hata lepe la usingizi!"

Karani aliandika. "Anayefuata."

"Kwangu tuko sita. Hakuna aliyefumba jicho!"

"Sisi kumi na mmoja! Mimi ndiye niliyepiga ngoma, muulize yeyote!"

Ikawa mashindano. Kila mkuu wa kaya alitaka ya kwake iwe imekesha kuliko ya jirani. Mzee Ambilikile peke yake ndiye aliyejibu kwa uangalifu, kwa kuwa hakupenda kusema uongo akiwa amebakiza siku moja.

"Mimi nilisinzia kidogo, mwanangu. Alfajiri."

"Kusinzia si kulala, Mzee," akasema karani, akapiga mstari.

Hapo ndipo Mwalimu Leokadia, aliyekuwa mwisho wa mstari kwa sababu aliwatanguliza wote, aliposogea akatazama karatasi. Safu ilikuwa na sifuri kutoka juu hadi chini, zimeandikwa vizuri, zote za duara.

"Evaristi, umeandika nini?"

"Majibu yao, Mwalimu."

"Hawa wote walikuwa hapa! Uliwakuta hapa! Kulala ni kuwa mahali usiku. Tunasema mtu amelala kwa mjomba wake, hata kama alikesha akiumwa na jino!"

Karani alisimama kwa heshima. Alikuwa akisimama hivyo mbele yake tangu ana miaka saba. "Mwalimu, nikiwa darasa la tano niliandika katika insha kwamba babu alilala kitini. Ukaniambia alisinzia. Uliniandikisha mara hamsini: Kulala si kusinzia. Ukasema neno likishafafanuliwa, linafuatwa."

"Nilisema," akakiri Mwalimu.

"Nami nikiandika kinyume cha ufafanuzi, nafukuzwa. Nina mke mjini, Mwalimu. Sina uwezo."

"Kuna fomu ya masahihisho?"

"Ipo. Huombwa na wakazi waliolala."

Watu walikuwa wameanza kuelewa. Mzigo wa usingizi ambao hawakuuhisi usiku kucha uliwaangukia kwa pamoja. Wengine waliketi chini. Bwana Gaitani alisema alikuwa anatania, kwamba yeye hulala fofofo kila siku, mkewe ni shahidi. Lakini dodoso halikuwa na safu ya utani.

"Na mtoto?" akauliza Tunsume kutoka kitandani. "Mtoto wangu je?"

Karani akaingia, akavua kofia. "Alilala usiku?"

Bi. Sikitu alikuwa mkweli kwa mazoea ya kazi. "Usiku alilia. Lakini mtazame sasa. Amelala."

Karani alimtazama kwa muda wa nusu saa kamili, saa mkononi. Kisha akaandika: Kisangabwe, kaya moja, mtu mmoja. Mkuu wa kaya: Bila Jina, kwa maana desturi ya huko hampi mtoto jina kabla kitovu hakijadondoka. Na katika safu ya maelezo, kwa kuwa hakutaka kudanganya wakati wa kitenzi, hakuandika "alilala". Aliandika kama alivyoambiwa: "Amelala."

*

Mtu mmoja, akikadiriwa kwa makumi, ni sifuri. Kwa kuwa sifuri ni rahisi kujumlisha, matokeo yalitoka siku ya tano, na siku hiyo hiyo Waziri akaja na shada la maua.

Alikuwa amepata habari za msiba. Kijiji cha watu elfu moja kilikuwa kimetoweka chote kati ya sensa mbili. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Wana-Kisangabwe walijipanga kumpokea, wamevaa nguo zao za sikukuu, na Waziri akashuka garini akiwa na leso machoni.

"Mahali hapa," akasema, akiwatazama nyusoni mmoja baada ya mwingine, "palikuwa na maisha! Nikifumba macho naona akina mama wakitwanga, naona wazee! Enyi watu elfu moja wa Kisangabwe, popote mlipo, serikali yenu inawakumbuka!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa walikuwa wamelelewa vizuri, na pia kwa kuwa hawakuwahi kuwa elfu moja na iliwagusa kujiona wakililiwa kupita idadi yao.

"Upepo wa huku una kelele," Waziri akamnong'oneza msaidizi wake.

"Mheshimiwa, tupo!" akapaza sauti Bwana Gaitani. "Mheshimiwa, sisi hapa!"

"Kama sauti za watu kabisa," akasema Waziri, akafuta machozi.

Mzee Ambilikile alimvuta Mwalimu upande wa khanga. "Mwalimu, Jumatatu ilipita. Nilikuwa nangoja ruhusa. Sasa nife au nisife?"

"Kwa hesabu zao, Mzee, ulikufa Jumapili."

"Ah," akasema Mzee. "Mbona hamkunizika?"

Lori lilikuwa limekwisha kurudi nyuma hadi mlangoni mwa zahanati. Waliotumwa walitoa kabati la dawa, kisha kitanda. Kitanda hakikupita mlangoni kikiwa kimelala. Ikabidi wakisimamishe wima, kikawa kama mtu anayeondoka bila kutaka. Bi. Sikitu alipanda mbele kwa dereva na mkoba wake, uhamisho wake mkononi, hakumtazama mtu.

Ilibaki saini. Makabidhiano ya zahanati hutiwa dole gumba na mkuu wa kaya. Msaidizi wa Waziri alisoma jina, akatafuta, akamwona: amefungwa kifuani pa Tunsume, amelala. Kwa mujibu wa kumbukumbu, ndiye mtu pekee aliyekuwapo.

"Ndugu Bila Jina," akasema msaidizi kwa adabu, akiinamia khanga, "serikali inakushukuru kwa ushirikiano wako."

Tunsume alimkinga mtoto kwa mikono miwili. "Baba, kitanda kiacheni," akasema. "Kabati chukueni. Nina mwingine, kwenye kilomita ya kumi na tisa. Ninyi mmepita hapo leo. Mmepita hapo na gari."

Alikuwa anazungumza na watu ambao hawakuwa na safu ya kumwandika. Waliupitisha mkono mdogo wa mtoto kati ya vidole vya mama yake, bila kutumia nguvu, kama mtu anayekwamua nguo iliyonasa kwenye ua, na wakakigandamiza kidole katika kibweta cha wino. Wino ulikuwa wa baridi.

Mtoto akafumbua macho.

Bwana Evaristi Kahumba, aliyeletwa kushuhudia hesabu yake, alilitazama dodoso, akamtazama mtoto, kisha akamtafuta Mwalimu Leokadia katikati ya watu. Uso wake ulikuwa ule wa darasa la tano.

"Mwalimu," akasema, "niliandika amelala. Kiambishi -me-..."

"Najua niliyokufundisha," akasema Mwalimu. "Hali timilifu. Husemwa maadamu hali yenyewe ingali inadumu."

"Na sasa haidumu."

Katika miaka thelathini na minane Mwalimu Leokadia hakuwahi kuipitisha sentensi yenye kosa. Akawageukia watu wake, akawaamuru kwa ile sauti ya asubuhi ya shule: "Mwimbieni! Mwimbieni alale!"

Wakamwimbia. Watu mia nne arobaini na watatu, mtendaji na Mzee Ambilikile wakiwemo, walimwimbia mtoto mmoja wimbo wa kumbembeleza, polepole, wakiyumba, huku lori likiwa linanguruma. Waziri alisimama akasikiliza, akasema kwamba upepo wa Kisangabwe ungefaa kurekodiwa.

Mtoto hakulala. Alikitazama kile kitanda kikiwa wima garini mpaka kilipopotelea kwenye kona.

Karani aliifuta kwa mstari ile "Amelala", taratibu, akaandika sifuri na kumpelekea Waziri atie saini. Waziri aliisoma, akaisoma tena, akauliza ni nani aliyeikadiria. Akajibiwa kwamba hakuna: ndivyo ilivyo, kamili, haikuongezwa wala kupunguzwa. Akafurahi sana, kwa sababu katika historia yote ya nchi ile hiyo ndiyo takwimu ya kwanza kumfikia ikiwa sahihi.